Nimekomaa, au nimekuwa mgumu tu? Jibu kwa mwanafunzi wa bweni

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni ya wavulana hapa Mwanza. Nyumbani ni Ukerewe. Baba ni mvuvi wa dagaa, mama anakausha na kuuza. Kidato cha kwanza nililia karibu muhula mzima, nilikuwa najificha nyuma ya tenki la maji. Siku hizi silii, najifulia, natunza hela yangu, na mwaka huu nimechaguliwa kiranja wa bweni. Njuka, wale wageni wa kidato cha kwanza, wananiletea maji kama sisi tulivyofanyiwa. Likizo ya Juni mama alilalamika kwamba siongei tena, na baba alisema nimekuwa bosi kwa sababu niliwapanga wadogo zangu mstari wa chakula. Halafu siku ya wazazi baba alikuja na mfuko wa dagaa. Mwenzangu akaniuliza yule mzee ni nani, nikasema ni jirani yetu. Tangu siku hiyo sina raha. Desemba shule inawaruhusu wanaotaka kubaki kambi kujisomea, nami nataka kubaki ila sijamwambia baba. Je, huku ndiko kukomaa, au nimekuwa mgumu tu? Na nibaki kambi au niende nyumbani?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Swali la kambi nalijibu kwanza kwa kuwa ni jepesi: nenda nyumbani. Upimaji wa kidato cha pili umeshaupita, na mtihani wa kidato cha nne uko Novemba ya mwakani. Kambi inamfaa mwenye mtihani mlangoni, au mtoto ambaye nyumbani kwao hapakaliki. Wewe humo katika kundi lolote kati ya hayo. Sababu yako ya kutaka kubaki naihisi, na ukiisoma barua yako tena polepole utaiona na wewe. Kemia haimo.

Sasa lile zito. Umekomaa, tena kwa mambo ambayo umeyataja harakaharaka kana kwamba si kitu. Ila limo jambo moja uliloliandika kwa kujivunia ambalo mimi siliiti kukomaa, na lingine uliloliandika kwa aibu ambalo ndilo linanipa matumaini juu yako.

Tuanze na kilio cha nyuma ya tenki. Watoto wengi wanaoingia bweni wanapatwa na upweke wa nyumbani, na unawapata saa zilezile: jioni baada ya michezo, usiku taa zikizimwa, na Jumapili mchana baada ya kufua. Hizo ndizo saa ambazo mikono haina kazi. Kuna wanaolia, kuna wanaogombana ovyo, na wengine wanaumwa tumbo. Patroni, yaani mlezi wa bweni, anampeleka mtoto zahanati, vipimo vinarudi safi, watu wanasema anajidai. Hajidai. Mwili wa mwenye huzuni unauma kweli, hasa wa mtoto wa miaka 13 au 14 ambaye hana maneno ya kuieleza hiyo huzuni.

Kilichokiondoa kilio chako ni nini? Wavulana karibu wote hunijibu, "Nilikaza." Ukimkalisha mmoja wao na kumuuliza taratibu, unakuta hadithi nyingine kabisa. Alipata rafiki wa kitanda cha juu. Alishika ratiba, akajua mwalimu yupi yuko zamu Jumanne. Alimjua mpishi anayetoa ukoko. Alifunga goli siku moja kwenye mechi ya mabweni, watu wakalijua jina lake. Yaani alipata mahali pa kukaa katikati ya watu, na mtu aliyepata mahali halii. Kukaza hakukufanya kazi yoyote hapo, lakini ndiko kunakopewa sifa zote.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalojibu swali lako la ugumu. Kijana anayeamini kwamba alipona kwa kutolia atatumia dawa hiyohiyo kwa kila kitu mbele yake. Akifeli Fizikia, anakaza. Akionewa, anakaza. Akimkosea baba yake, anakaza na kuomba kubaki kambi. Bweni limekufundisha vitu vingi vya maana, ila hili la kukaza umejifundisha mwenyewe, na mafundisho yenyewe umeyakosea.

Hivyo vya maana ni vipi? Ndoo, kwa kuanzia. Mtu ambaye hajakaa bweni hajui maana ya lita 20. Mwanafunzi wa hapa Mwanza anaamka alfajiri bomba likikoroma upepo, ziwa lote lipo mbele ya dirisha, naye ana ndoo moja tu ya kumfikisha jioni. Anaoga kwa kopo akiwa amesimama ndani ya beseni ili maji yasipotee. Maji hayo yanaloweka soksi. Yaliyotoka kwenye soksi yanapigia deki, na ya deki yanakwenda chooni. Kilichobaki ndooni kinafunikwa na kusukumwa mvunguni, karibu na tranka, kwa sababu majirani wana macho. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo. Kijana anayeweza kuigawa ndoo hivyo anaweza kuigawa siku, na baadaye mshahara.

Na hela, vivyo hivyo. Pesa ya matumizi inayotoka kwenye dagaa ina mwezi wake, nasema mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta pale tu penye giza. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi inakaa ufukweni, mwalo wa kushushia samaki unatulia, na mkononi mwa baba yako hakuna kitu. Wenzako ambao wazazi wao ni waajiriwa wanajua hela inakuja mwisho wa mwezi. Wewe umejifunza, bila hata kuambiwa, kuibana hela ya giza ivuke mbalamwezi yote ukiwa na sabuni, dawa ya meno na kalamu. Umeandika "natunza hela yangu", maneno matatu basi. Mimi ningeliandikia hilo ukurasa mzima.

Sasa nakuja kwenye maji ya njuka, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Umeandika "kama sisi tulivyofanyiwa". Sentensi hiyo nimeisikia kwa viranja wa kila namna, wavulana kwa wasichana, na kila mmoja anaitamka kama kanuni iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hakuna kanuni hiyo. Kuna kijana aliyebebeshwa ndoo ya mwenzake akiwa kidato cha kwanza, akachukia, akasubiri, na zamu yake ilipofika hakuitumia kuifuta hiyo tabia, aliitumia kujilipa. Na anayelipa hakuwapo siku ile. Hakukudhulumu chochote. Kosa lake ni kuchelewa kuzaliwa.

Wewe nyuma ya tenki ulikuwa njuka. Unajua ile saa kabla ya prepo, kabla ya kwenda kujisomea usiku, mtoto ambaye bado ana nyumbani kwao kooni anapoambiwa, "We dogo, kachote." Aliyetakiwa kulijua hilo kuliko mtu yeyote bwenini ni kiranja aliyelia muhula mzima. Ndiyo maana nasema hapa hukukomaa, umepanda cheo tu.

Halafu kuna hatari nyingine ambayo pengine hukuifikiria. Mabomba yakikauka, hayo maji wanayachota wapi? Kama wanashuka ziwani, ujue unawatuma kwenye kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi. Mtoto hana haja ya kunywa, kusimama tu maji yakiwa magotini akijaza ndoo kunatosha. Anaweza kuja kukojoa damu au kuharisha damu, ini au kibofu kikaharibika taratibu, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa ndoo ya kiranja. Mwambie mwalimu wa zamu kuhusu hiyo njia ya ziwani. Na yale ambayo yameshachotwa yakae kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kabla ya kuogea, maana vijidudu hivyo vikikosa mwili wa kuingia vinakufa. Ya kwako chota mwenyewe, bombani, kwa foleni kama wengine. Wenzako wa kidato cha tatu watakucheka wiki moja hivi. Mtu aliyestahimili muhula wa kwanza wa bweni hashindwi na wiki moja ya kuchekwa.

Kwa kuwa tumegusa kuonewa: kama kuna jambo baya zaidi ya ndoo, lililokupata wewe au unaloliona likimpata mdogo bwenini, kipigo cha usiku, kuguswaguswa, kunyang'anywa chakula, hilo si la kukaza wala la kumaliza kiranja peke yake. Liende kwa mwalimu wa malezi au kwa mkuu wa shule. Ikishindikana huko, namba 116 ni ya kusaidia watoto na haikatwi hela. Kiranja anayeificha siri ya namna hiyo ili "bweni lisichafuke" anamlinda mkosaji.

Nirudi kwa mama yako anayesema huongei. Hili halinitishi sana, kwa sababu chanzo chake nakijua, na moyo wako haumo. Simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo unaongea na nyumbani kwa simu ya patroni. Nyuma yako kuna foleni. Mmoja anagonga mlango, mwingine anakwambia fanya haraka salio linaisha, na patroni mwenyewe kakaa pale anasikia. Katika hali hiyo mtu anasema nini? "Shikamoo mama, mimi mzima, masomo yanaendelea vizuri, naomba sabuni na hela ya kunyoa, msalimie bibi." Hayo ndiyo mazungumzo uliyofanya na mama yako kwa miaka karibu mitatu. Umeyafanya mpaka yamekuwa ndiyo namna yako ya kuongea naye. Juni ulipokaa naye jikoni, hakuna foleni wala saa inayokimbia, bado ulimpa mazungumzo ya simu ya patroni.

Mama zetu hawalijui hili. Mama anaona mtoto aliyekuwa anamweleza hadi ndoto zake sasa anajibu "salama tu", anafikiri amemkosea, au amepata msichana, au amejiunga na watu wabaya. Anauliza zaidi, nawe unajibu kwa ufupi zaidi. Wengine wanamaliza likizo nzima hivyo.

Dawa yake ni ya kishamba lakini inafanya kazi. Chukua daftari dogo, hata lile lililobaki kurasa chache nyuma, uwe unaandika mstari mmojammoja wa mambo ambayo ungemwambia mama kama angekuwa karibu. Mwalimu wa Jiografia aliteleza kwenye tope mbele ya paredi. Uji ulikuwa na wadudu, tukagoma, tukapewa mkate. Nimemsaidia mtoto wa Magu aliyekuwa na homa. Mwandikie hivyo hadi Desemba. Ukifika, usimsomee kama taarifa ya habari. Kaa naye anapochambua dagaa, utoe moja, acha kuongea, utoe nyingine. Mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea, wa kwako na wa kwake. Na bibi yako kama bado yupo, mjibu kwa Kikerewe au Kijita, chochote anachokusemesha. Shuleni ukiongea kilugha unaadhibiwa, sawa, lakini jikoni kwa bibi hakuna mwalimu wa zamu.

La kuwapanga wadogo zako mstari wa chakula limenichekesha, nakwambia ukweli. Baba yako alikuwa na haki ya kukasirika, na wewe hukuwa na nia mbaya. Bweni lina watoto zaidi ya mia na sufuria moja, bila mstari wakubwa wanamaliza nyama. Nyumbani kuna watoto wachache na mama anayejua nani hakula jana. Ule utaratibu unafaa mahali penye watu wasiojuana. Acha filimbi bwenini. Usafi ulioutoa shuleni, ule wa kunawa na kutandika, uufanye wewe bila kumwamrisha mtu, na utashangaa nani ataanza kukuiga kabla ya Krismasi.

Na kama siku za mwanzo za likizo unalala mpaka jua kali, waambie mapema wasikuone mvivu. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Prepo inaisha saa nne usiku, kengele inalia saa kumi na moja alfajiri, na katikati hapo kuna watu wanaopiga soga gizani. Hesabu mwenyewe unachodaiwa kwa muhula mzima. Baada ya siku chache deni linapungua, na hapo hutakuwa na kisingizio.

Sasa baba.

Nimeliacha mwisho kwa makusudi kwa sababu ndilo lililokufanya uandike. Mengine uliyatia ili barua isiwe na hilo peke yake.

Ukiwa na miaka 16, macho ya wenzako yana uzito ambao hayakuwa nao ulipokuwa na miaka 10, na hayatakuwa nao utakapofika 30. Hiyo ni hali ya umri, Ukerewe na kwingineko. Ila mwanafunzi wa kutwa ana pa kuyakimbilia: saa tisa anarudi kwao, anavua sare, anakuwa mtoto wa fulani. Wewe macho yaleyale unakula nayo, unaoga nayo na kulala nayo. Kwa hiyo siku ya wazazi, wakati uwanja umejaa magari na wamama wenye vyakula vya kwenye hotpoti, akatokea mzee wako getini na lile koti la harusi na misiba, mfuko mkononi, harufu ya mwalo ikimtangulia, ulimi wako ulikimbia kabla ya akili. Ulimkana. Hilo ndilo jina lake, tusilipambe.

Lakini hebu mtazame huyo mzee kwa dakika moja. Wazazi wa Sengerema na Geita siku hizi wanavuka Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi. Tangu lilipofunguliwa Juni 2025 hawasubiri tena pantoni, wanakuja asubuhi na kukaa mpaka jioni. Wa Ukerewe bado ni mtu wa meli. Akija kwa meli ya Nansio, muda wake wa kukaa nawe unapangwa na meli. Akizunguka kwa barabara, ni pantoni ya Rugezi mpaka Kisorya, kisha Bunda, kisha basi hadi Mwanza. Kama ilikuwa mbalamwezi, alikuja na hela ambayo nyumbani ilikuwa na kazi. Kama ilikuwa giza, aliacha usiku wa kuvua, na huo haufidiwi. Ada ya shule za serikali ilifutwa tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini tranka, godoro, sare, ndoo ile ya lita 20 na nauli zote hizo hazikufutwa. Zimetoka kwenye mfuko uleule. Na nitabahatisha kitu kingine: hao dagaa hawakumaliza wiki. Wavulana waliochoka maharage waliwafuata kitandani kwako na vijiko, na huyo aliyeuliza "yule mzee ni nani" alikuwa wa kwanza.

Sikwambii haya ili uongeze kujilaumu. Umeshajihukumu, mtu mgumu hakosi raha kwa jambo kama hilo, wala haliandiki. Kijana aliyekuwa mgumu kweli angelisahau kabla ya prepo. Kwa hiyo jibu la swali lako kubwa uliniletea mwenyewe.

Kinachofuata kina hatua mbili, na ya kwanza haianzii kwa baba. Inaanzia bwenini. Mtafute huyo mwenzako, msiwe na watu, umwambie: "Yule mzee aliyekuja siku ya wazazi ni baba yangu. Nilikudanganya." Usiongeze maelezo wala utani. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, ngumu kuliko kumwomba baba msamaha, kwa kuwa baba atakusamehe na huyu anaweza kukutangaza. Acha akutangaze. Kitakachotangazwa ni kwamba baba yako ni mvuvi wa dagaa, na hicho ndicho kitu cha kweli ulichotakiwa kukisema siku ile. Katika bweni lililo kando ya ziwa hili, amini kuna wengine wengi ambao baba zao wanalala majini na wameficha kama wewe. Kiranja akisema lake hadharani, hao wanapumua.

Hatua ya pili ni Ukerewe. Watu wanabishana kama ni lazima umwambie baba iwapo hakusikia. Wapo wanasihi wenzangu watakaokwambia usimwumize mzee kwa jambo asilolijua, omba toba kimyakimya, mtumikie yaishe. Sikubaliani nao, kwa sababu mbili. Hujui kama hakusikia. Uwanja wa shule si mkubwa kiasi hicho, na wazee wa ziwani wana masikio ya kusikia injini ya mtumbwi kabla ya kuiona. Na hata kama hakusikia, amekuona ulivyosimama, ulivyotazama pembeni, ulivyoharakisha aondoke. Tayari ana jeraha asilojua jina lake. Mpe jina.

Usimwitie kikao. Usiwaite wajomba. Nenda naye mwaloni asubuhi mitumbwi inapoingia, shika upande wa pili wa beseni, mwage naye dagaa mchangani, tandaza. Mkiwa katikati ya kazi, mwambie kwa sentensi mbili: "Baba, siku ile ulipokuja shuleni niliulizwa wewe ni nani, nikasema jirani. Nimekosa, naomba unisamehe." Kisha endelea kutandaza. Anaweza asiseme kitu. Anaweza kukwambia ugeuze wale wa upande ule hawajakauka. Usidai jibu. Akitaka kukasirika, mwache akasirike, usijitetee kwa kusema wenzako wana magari.

Habari ya kambi usimwambie kama ombi ulilolitoa sadaka kwa ajili yake. Mwambie tu ilikuwepo, nawe umeamua kurudi. Mwakani ukiwa kidato cha nne, kambi ikitangazwa kabla ya mtihani, ombeni ruhusa pamoja, na safari hiyo utakuwa unabaki kwa ajili ya masomo kweli.

Na masomo usiyaache Mwanza. Kabla hamjafunga, mwone mwalimu wa taaluma umwombe mada za kidato cha tatu zilizowasumbua, na maswali ya miaka iliyopita, ukayatoe fotokopi kama hela ya giza imebaki. Nyumbani hakuna kengele, na hapo ndipo vijana wengi wa bweni wanakwama: miaka mitatu wameambiwa saa ya kuamka, kula, kusoma na kulala, wakipewa siku tupu wanaimaliza kibarazani. Usijiandikie ratiba ya dakika kwa dakika, utaivunja siku ya tatu. Chagua saa mbili tu za kila siku, zilezile. Kwa nyumba ya mvuvi wa dagaa nakushauri jioni, saa kumi hadi kumi na mbili: dagaa wameshaanuliwa, baba anaandaa taa na mafuta, mwanga wa jua bado upo, na hakuna atakayekutuma mpaka mtumbwi uingie majini.